Kitanzi cha Thelathini na Moja

Asubuhi waliyomzika Tusekile, Tusekile mwenyewe alirudi nyumbani akabisha hodi.

Aliyefungua mlango ni dada yake, Subilaga, viatu vyake vingali na udongo wa makaburini. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye shingo tupu, na katika mji ule shingo tupu ilitisha kuliko mwili mtupu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mji huo tangu watu walipoanza kukumbuka. Ukisimama hatua moja tu kutoka kwa mtu, uso wake ulikuwa umeshayeyuka, macho na pua na mdomo vimekuwa doa moja jeupe. Sauti nazo hazikuaminika, kwa sababu ukungu ulizibeba, ukazichanganya, ukamrudishia huyu sauti ya yule. Kilichobaki kuaminika ni vidole. Watu walipokutana njiani, kila mmoja alinyoosha mkono akapapasa skafu iliyo shingoni mwa mwenzake. Ruwaza ya skafu ilitaja ukoo, pindo lake likataja jina, na hapo ndipo salamu zilipoanza. Mtoto alivishwa skafu yake siku aliyozaliwa, akazikwa nayo siku aliyokufa. Katikati ya siku hizo mbili hakuna aliyewahi kumwuliza yeye ni nani.

"Dada, nasikia baridi," mwanamke yule alisema.

"Mimi si dada yako. Mdogo wangu tumetoka kumzika sasa hivi."

"Mmezika skafu yangu."

Akasimulia hapo hapo mlangoni, meno yakigongana. Alikuwa akiokota kuni kwenye njia iteremkayo bondeni, huko ambako watu wa mji hawaendi. Akamkuta mwanamke ameketi juu ya jiwe, amepanda kutoka chini, hana skafu, midomo imekuwa ya bluu. Akamvisha skafu yake mwenyewe, akakimbia kutafuta msaada. Ukungu ukampoteza njia. Aliporudi penye jiwe, hakukuta mtu. Wengine walikuwa wamempata mwanamke yule akiwa amekwisha kufa, wakapapasa shingo yake, wakasoma ukoo, wakasoma jina, wakabeba maiti kwenda kwa mama yake Tusekile wakisema, poleni, mtoto wenu huyu hapa.

Subilaga hakuamini. Lakini baridi ni baridi, hata kwa mtu asiye na jina, akamruhusu aingie kuota moto. Mgeni yule akavuta kigoda cha karibu na jiko. Kabla ya kukaa akakisogeza kidogo upande wa kushoto, akaacha nafasi ya mguu mmoja ulionyooshwa. Subilaga alikuwa na goti bovu lisilokunjika vizuri, na mtu mmoja tu duniani ndiye aliyezoea kumwachia nafasi ile bila kuombwa.

Je, hilo lilitosha? Mtu yeyote mwenye adabu angeweza kusogeza kigoda. Subilaga alisimama pale akijipima, na ukweli ni kwamba hakupata uhakika. Alichopata ni kitu kingine. Aliona kwamba akiungoja uhakika, ataungoja akiwa amesimama mpaka mwanamke huyu ageuke moshi, na kwamba pengine hata hao waliokuwa na uhakika, waliozika asubuhi ile kwa nyimbo na udongo, hawakuujua ukweli bali waliuamua tu kwa vidole vyao. Basi naye akaamua. "Karibu nyumbani, Tusekile," akasema, na alipolisema jina lile alihisi kama mtu aliyeweka mguu wake mbovu kwenye daraja asilolijua na kuutupia uzito wote.

Mama yao alitoka chumba cha ndani, macho yamevimba kwa kilio. Akanyoosha mkono, akapapasa shingo ya mgeni. Vidole vikagusa ngozi. Akaurudisha mkono kwa haraka kana kwamba ameungua.

"Subilaga," akanong'ona, "mbona hapa hapana mtu?"

*

Skafu zote za mji zilifumwa katika Nyumba ya Ruwaza, na Subilaga alikuwa amefuma humo kwa zaidi ya miaka ishirini. Ruwaza zilikuwa nne tu, kila safu ya kila skafu ilikuwa na vitanzi thelathini vya uzi, na Mtunzi wa nyumba hiyo, Bwana Ambakisye, alizijua zote nne kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuulizwa.

"Shikamoo, Bwana Mtunzi. Mdogo wangu yu hai. Naomba skafu yake."

"Marahaba. Skafu yake iko kaburini. Siwezi kutoa ya pili, jina moja halivaliwi na shingo mbili."

"Basi apewe nyingine, ya jina jingine."

"Kwa ruwaza ipi? Koo ni nne, na kila ukoo umeshahesabiwa. Thelathini kwa thelathini, hakuna pengo." Akavua glavu moja, akaivaa tena. "Unaijua sheria, Subilaga. Shingo tupu hukaa mjini asubuhi saba. Baada ya hapo huteremka bondeni."

"Sheria inasema shingo tupu. Haisemi shingo ivishwe nini."

 Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Bwana Ambakisye alikuwa ameambiwa jambo ambalo hakulijua kuhusu sheria yake mwenyewe.

"Unataka kubuni," akasema.

"Nataka kubuni."

"Iwe skafu, basi. Isiwe kitambaa wala kamba. Ikae shingoni bila kushikiliwa, na asubuhi ya saba watu sokoni waipapase na waseme kwa vinywa vyao kwamba ni skafu. Wasiposema, ataondoka mchana huo huo. Nawe, wakikataa, utaacha sindano zako mezani kwangu, kwa sababu fundi aliyeonja kubuni siwezi kumrudisha kwenye thelathini."

"Nimekubali," Subilaga alisema, na hakuomba muda wa kufikiri.

*

Uzi wa Nyumba hauruhusiwi kutoka nje, kwa hiyo alifumua sweta lake mwenyewe, la sufu nyekundu iliyopauka. Uzi uliofumuliwa haunyooki mara moja. Hubaki na mawimbi madogo madogo, kama unakumbuka ulivyokuwa. Subilaga aliulowesha, akauanika, akauviringa kuwa madonge matatu, akachukua sindano zake mbili ndefu za mianzi.

Fundi wa kufuma ana vitu viwili tu mkononi, ingawa watu hudhani anavyo mia. Ana kitanzi cha mbele, ambapo uzi unavutwa kupitia mbele na kuacha uso laini, na ana kitanzi cha nyuma, ambapo unavutwa kwa nyuma na kuacha kifundo. Na hata hivyo viwili ni kimoja, maana kitanzi cha mbele ukikigeuza upande wa pili unakikuta ni cha nyuma. Ruwaza zote, za zamani na ambazo hazijazaliwa, ni jibu la swali hilo moja: sasa niende mbele au nirudi nyuma? Kwa miaka ishirini Subilaga alikuwa amejibiwa swali hilo na watu wengine. Sasa alikaa kando ya jiko, mguu ameunyoosha, akaanza kujibu mwenyewe.

Mbele. Mbele. Mbele.

Kipande cha kwanza alikifuma kwa vitanzi vya mbele tupu upande anaouona. Kilikuwa laini kama shavu. Lakini alipokitoa kwenye sindano kikajikunja kingo zote mbili, kikaviringika kama jani kavu. Tusekile alikivaa akaenda nacho kisimani. Watu walipapasa, wakatafuta ukingo wasiuone. Alirudi akiwa ameinama, anajibu nusu nusu, na jioni Subilaga alimkuta ameficha mkate chini ya mkeka.

"Kwa nini umeuficha?"

"Sijui, dada. Nilihisi kila kitu lazima kiwe kwa ndani."

Subilaga akakifumua chote.

Asubuhi iliyofuata alifuma matuta: kitanzi kimoja mbele, kimoja nyuma, vitanzi thelathini, kila tuta likipanda juu ya tuta la safu iliyotangulia kama shamba la kilimani. Hiki hakikujikunja. Lakini kilivutika. Kila aliyekipapasa alikinyoosha upande wake, nacho kikakubali. Tusekile alirudi akiwa amewaahidi watu watatu kufua nguo zao siku moja, na amemkubalia mmoja kwamba ukungu unatoka mbinguni na mwingine kwamba unatoka ardhini.

"Na wewe unaamini lipi?"

"La aliyekuwa karibu yangu," Tusekile akajibu, akaanza kulia.

Kikafumuliwa nacho.

Siku za mji ule hazikuwa na adabu ya kupanga foleni. Asubuhi ya tatu na ya nne zilifika pamoja, zikipishana mlangoni. Katika asubuhi hizo mbili zilizogandana Subilaga alifuma msuko, akivukisha vitanzi juu ya vitanzi kama anayesuka nywele. Kilitoka kizuri ajabu, kizito, chenye kamba nene katikati. Tusekile alipokivaa hakuweza kugeuza shingo. Akaanza kusema kama Bwana Ambakisye. "Sheria ni sheria," alimwambia mama yake aliyekuwa akiomba chumvi, naye mama, ambaye bado hakumwona kuwa mtu, aliitikia, "Ndiyo, bwana," akaondoka bila chumvi. Subilaga alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha kucheka, akachukua kipande akakifumua kwa ghadhabu.

Cha nne, alichokifuma kabla asubuhi hizo hazijaisha, kilikuwa cha matundu. Aliruka kitanzi hapa, akaunganisha viwili pale, na mwanga ukapita kwenye sufu kama unavyopita kwenye majani. Kilikuwa chepesi. Tusekile akatabasamu alipokivaa, akazunguka chumbani. Lakini ukungu uliingia kwenye matundu ukakaa humo. Polepole mabega yakapauka, kisha kifua, na ghafla Subilaga aligundua kwamba anayaona mawe ya ukuta kupitia kwa mdogo wake. Hakumaliza hata kuvuta pumzi. Alirarua kipande shingoni kwa mikono miwili, akamkumbatia, akamsugua mgongo mpaka rangi ikarudi.

Walikaa sakafuni muda mrefu. Uzi ulikuwa umechoka, umeanza kutoa manyoya.

"Dada," Tusekile akasema, "niache niende bondeni. Yule mwanamke alitoka huko. Labda amekiacha kiti chake wazi."

"Kaa vizuri."

"Nasema kweli. Mama ameshanililia. Amemaliza. Nikibaki nitamlazimisha aanze upya. Na wewe utapoteza kazi kwa mtu ambaye hata huna hakika naye. Usidhani sikuona ulivyosimama pale siku ya kwanza."

Subilaga hakukana. Aliokota donge lililokuwa limeviringika chini ya meza, akamtupia.

"Sina hakika," akasema. "Nina madonge matatu ya uzi na asubuhi zilizobaki. Shika hilo, lisiingie majivu."

*

Asubuhi ya sita ilifika kabla ya ya tano. Subilaga alipotazama dirishani na kuutambua weupe wake alijua ana kazi ya siku moja tu. Alianza kutunga vitanzi kwenye sindano akihesabu kwa sauti. Alipofika ishirini na tisa Tusekile alipiga chafya, chafya tatu mfululizo, ndogo ndogo kama za paka, na Subilaga akasahau alipofika. Akaongeza kimoja, akaongeza kingine, akaanza kufuma. Alichagua matuta, kwa sababu mikono ilikuwa imechoka na matuta yalihitaji akili kidogo.

Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Safu ya kwanza ikaisha vizuri. Akageuza. Mbele, nyuma. Akaona kasoro. Mahali palipotakiwa kuwa laini palikuwa na kifundo, na penye kifundo pakawa laini. Matuta hayakupanda. Kila kitanzi kilikuwa kimekaa juu ya kinyume chake. Alihesabu vitanzi kwa ncha ya kidole. Vilikuwa thelathini na moja.

Kimoja kimezidi. Mkono wake, mkono wenye miaka ishirini ya Nyumba ya Ruwaza, ulishaanza kuvuta uzi ili kufumua. Akaushika kwa mkono wa pili.

Kimezidi nini? Kimezidi hesabu ya nani? Thelathini hugawanyika sawasawa, ndiyo maana kila safu hurudia ile ya chini yake, tuta juu ya tuta, babu juu ya baba juu ya mwana, na kila mmoja anajua atakaposimama kabla hajazaliwa. Ongeza mmoja. Mmoja tu, asiye na mwenzake. Hapo safu ya pili haiwezi kuirudia ya kwanza hata ikitaka. Inafuma maneno yale yale, mbele, nyuma, mbele, nyuma, lakini kila neno linaangukia juu ya jingine. Panapojikunja panashikwa na panaponyooka. Panapovutika panazuiwa na pagumu. Si fujo, kwa maana hakuna hata kitanzi kimoja kilichovunja sheria. Ni mmoja tu aliyekuja bila kuhesabiwa, na wote wakalazimika kukaa upya.

Mbele. Nyuma. Mbele.

Akaendelea kwa makusudi. Alifuma mpaka vidole vikafa ganzi, akavipulizia, akaendelea. Tusekile alimlisha viazi vya kuchemsha mdomoni ili asiziweke sindano chini. Skafu ikarefuka magotini, nyekundu, yenye vipunje vidogo vilivyotawanyika kote kama ulezi ulioanikwa mkekani. Haikujikunja. Haikuvutika zaidi ya inavyopaswa. Ilipogeuzwa ilikuwa vile vile.

"Upande wa mbele ni upi?" Tusekile aliuliza.

"Hauna."

"Na wa nyuma?"

"Nao hauna. Vaa upendavyo."

Asubuhi ya tano, ile iliyochelewa, ikaja hatimaye na kumkuta Subilaga amelala na sindano mapajani. Aliitumia yote kulala.

*

Sokoni, asubuhi ya saba, Bwana Ambakisye alikuwa wa kwanza kuipapasa skafu. Alivua glavu zote mbili. Vidole vyake vilitembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, vikarudi, vikasimama.

"Vitanzi vingapi?"

"Thelathini na moja."

"Kimoja kimezidi."

"Hicho ndicho kinachoshikilia vingine," Subilaga alisema.

Mtunzi alisogea kando, akawaachia watu. Wa kwanza kati yao alikuwa Bupe, muuza viazi, mwanamke wa sauti kubwa. Akapapasa, akainua nyusi. Akapapasa tena.

"Skafu ni skafu," akatangaza. "Joto inalo, ukingo inao. Lakini haisemi ukoo. Haisemi jina." Akasita, na swali likamtoka kama kitu kilichomponyoka mkononi. "Wewe ni nani?"

 Hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo yakitamkwa kwa mtu. Tusekile mwenyewe alichelewa kujibu, kwa sababu hakuwahi kuhitaji jibu. Kisha akaanza, kwa kigugumizi, kumweleza Bupe mambo yake: kwamba anaogopa mbuzi, kwamba anapenda kuokota kuni peke yake, kwamba aliwahi kumpenda mtu na hakumwambia. Bupe alisahau viazi vyake. Aliyefuata akapapasa, akasema ni skafu, akauliza naye, akajibiwa mambo mengine ambayo nayo yalikuwa kweli. Mstari ukawa mrefu. Watu walipapasa upesi upesi siku hiyo ili wafike kwenye kuuliza.

Mama yake alikuwa wa mwisho. Alikuwa amekuja kununua sabuni, akavutwa na msongamano. Mkono wake ukaigusa sufu, ukatulia hapo.

"Ni skafu," akasema polepole. "Na wewe ni nani, mama?"

Subilaga alifumba macho. Alijua mdogo wake angeweza kusema mimi ni mwanao, na mama angeweza kusema mwanangu nimemzika, na hapo mambo yangeishia.

"Mimi," Tusekile alisema, "ndiye niliyemvisha skafu yule mwanamke mliyemzika. Nilimkuta juu ya jiwe, amepanda kutoka bondeni. Mikono yake ilikuwa baridi sana. Nilimwambia anisubiri."

Mama hakuondoa mkono.  Watu walingoja alie, au apige kelele, au amkumbatie. Hakufanya hata moja.

"Alikuwa nani, yule?" akauliza.

Tusekile akainamisha kichwa. "Sijui, mama. Sikumwuliza. Nilimvisha tu nikakimbia."

"Nimelia siku saba," mama alisema. "Nimelia mpaka koo likakauka, na kumbe nimemlilia mtoto wa mtu mwingine. Na huko aliko mama yake anapika, anadhani binti yake yuko safarini." Akajifuta uso kwa kiganja. Akamgeukia Mtunzi. "Bwana Ambakisye, njia ya bondeni ni ile ya kupita kwenye mawe?"

"Watu wa mji hawaendi bondeni, mama."

"Sikuuliza nani anaenda. Nimeuliza njia."

Mtunzi aliinua mkono akaonyesha. Kisha akamtazama Subilaga, akakumbuka meza yake ambako sindano za mianzi zingewekwa kama watu wangesema hapana, na akazivaa glavu zake.

Wakaondoka watatu, mama mbele kwa hasira yake, Subilaga nyuma akiburuta mguu. Kwapani alikuwa na mfuko wa kitambaa. Walipofika ukingoni, pale nyumba za mwisho zinapoishia na mawe kuanza kuteremka ndani ya weupe, mama akasimama kupumua.

"Uzi umebaki?"

"Donge moja na kidogo."

"Unatosha shingo ngapi za huko chini?"

"Hautoshi, mama. Lakini skafu yangu ni ndefu, nitaifumua tukifika."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Alichungulia chini, ambako hakuonekana jiwe wala nyasi, akanyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka, na mkono huo haukutafuta shingo ya mtu. Ulitafuta mkono.

"Tusekile," akasema, "pita mbele. Wewe ndiye unayeijua njia."